Idella Ajifunza Poka

Eino Lahti tulimzika wiki ya pili ya Januari, ardhi imeganda kiasi kwamba wachimba kaburi waliwasha moto juu yake siku nzima ndipo sururu zikaingia. Jumapili tatu baadaye, saa nane mchana, mkewe Idella alifungua mlango wa duka la kinyozi Tregear, akapangusa theluji mabegani, akauliza, "Kiti chake bado kipo?"

Tulikuwa watatu. Tregear mwenyewe, ambaye Jumapili hanyoi mtu. Duffy, mwenye mdomo usio na breki. Na mimi, Milo Stanisich. Mimi na Duffy tulichimba shaba pamoja na Eino hadi mgodi ulipofungwa. Sasa hapa Butte kazi yetu ilikuwa kungoja Jumapili, tukae kwenye chumba cha nyuma ya viti vya kunyolea, tucheze karata za poka kwa sarafu za senti tano na kula pasti, mikate ya nyama ya mke wa Tregear. Tulifanya hivyo miaka ishirini.

"Kipo, shemeji," Tregear alisema, akakivuta.

Idella hakukaa mara moja. "Mume wangu aliniacha peke yangu kila Jumapili kwa ajili ya kitu hiki. Nataka nijue kilikuwa na utamu gani. Nifundisheni."

Tukamfundisha. Alitoa kalamu na bahasha ya kadi ya rambirambi, akawa anaandika nyuma yake.

"Karata tano tu? Na kama sizipendi?"

"Unatupa usizozitaka, unapewa nyingine," nikamwambia.

"Bure?"

"Karata ni za bure, shemeji. Kubaki mchezoni ndiko kunakolipiwa. Mwenzako akipandisha dau, na wewe uweke kama lake, au utupe karata zako ukae pembeni."

"Haya. Jozi mbili na tatu zinazofanana, ipi kubwa?"

"Tatu zinazofanana."

"Kwa nini? Mbili na mbili si nne?"

Duffy alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Idella naye akacheka, kidogo, mkono mdomoni. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akicheka, na kusema kweli hata kabla ya hapo nilikuwa nimemwona mara chache. Yeye na Eino walikuwa na mtoto mmoja, Arvid. Miaka kumi na moja nyuma Idella alikuwa akiendesha gari, akimpeleka kwa daktari wa meno ng'ambo ya mlima, siku ya theluji. Eino alikuwa amesema safari iahirishwe. Gari liliteleza kwenye kona. Mama alivunjika mkono. Mtoto, miaka tisa, hakufika hospitali.

Idella alirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata tena. Maswali hayakuisha. Ree ni moja au ni kubwa kuliko mfalme? Kopa tupu tano zinashinda mfululizo? Nikiwa na jozi ndogo nitupe ngapi? Kwa nini niweke sarafu kabla sijaziona karata? Tregear alimjibu kwa upole kama anayemnyoa mtoto. Duffy alimtania.

"Shemeji, ukipata malkia usitabasamu hivyo. Sisi wote tumejua."

"Sikutabasamu."

"Meno yote nje!"

Jumapili ya nne Duffy alipandisha dau, akapandisha tena, akajiegemeza nyuma kama mwenye nyumba. Idella alitazama karata zake kwa muda mrefu, akakuna shingo, akazitupa. Duffy akazifunua zake: takataka tupu.

"Ulikuwa huna kitu?"

"Hata harufu."

"Na mimi nilikuwa na wafalme wawili!"

"Ndiyo poka hiyo, shemeji. Unauza maneno."

"Sasa nitajuaje kama mtu anazo kweli au ananitisha?"

Duffy alilipenda swali hilo. Akasogeza kiti. "Karata huzioni, kwa hiyo mwangalie mtu. Kila mtu ana alama yake. Huyu Tregear akipata karata nzuri anaacha kutafuna. Milo akidanganya anajikohoza, sikiliza vizuri."

"Na Eino?"

Nilijua linakokwenda. Nilisema, "Duffy, gawa karata." Hakunisikia.

"Eino! Mungu amrehemu, huyo alikuwa rahisi kuliko wote. Akidanganya tu, anaishika pete yake ya ndoa anaizungusha. Pole pole, hivi, kwa kidole gumba. Miaka ishirini hakujua kwamba tunajua."

Tregear alicheka. Idella hakucheka.

"Kila mara?"

"Kila mara. Hajawahi kukosea hata siku moja."

"Si kila mara," nikasema. "Wakati mwingine ilikuwa baridi tu. Vidole vilikuwa vikimuuma." Na kweli, nilikohoa. Sikukusudia.

Idella alinitazama. Akaweka karata zake mezani, zikiwa zimefunikwa, akachukua koti lake. Alimshukuru Tregear kwa kahawa. Duffy alibaki ameshika karata. "Nimesema nini?" aliuliza. "Jamani, nimesema nini?"

Jumanne asubuhi nilikwenda kwake na sufuria ya supu. Jikoni palikuwa baridi; alikuwa amevaa koti la Eino. Hakuigusa supu. Alinionyesha kiti.

"Milo, nimemuuliza Eino mara nne," alisema. "Mara ya kwanza mwaka ule ule. Nilimwambia, niambie kama unanilaumu. Akasema hapana, Idella, ni barafu. Mara ya mwisho ni Desemba, hospitalini. Alikuwa amekonda, pete inacheza kidoleni. Nikadhani anaichezea kwa sababu imelegea."

Niliitazama supu ikipoa.

"Nimekaa siku mbili nikikumbuka mikono yake. Mara zote nne nimeiona ikizungusha pete. Usikohoe. Alikwambia?"

Nilikuwa nimeapa. Ilikuwa kiangazi, miaka mitano nyuma, mimi na Eino tumesimama ndani ya mto Big Hole na mishipi yetu, maji hadi magotini. Hakuna aliyemuuliza. Alisema tu, "Nimejaribu kumsamehe, Milo. Nikimwona anachukua funguo za gari, kitu kinajifunga hapa kifuani. Ni mwanamke mwema na ninampikia uongo kila siku." Kisha akanitaka niape, nikaapa, tukaendelea kuvua.

Ningeweza kumdanganya Idella. Nilikuja na supu nikiwa nimepanga kumdanganya. Njiani kote nilikuwa nikiyapanga maneno. Lakini alikuwa amekaa karibu, ananitazama usoni kama tulivyomfundisha, na nikaona hata nikisema nini atajua.

"Aliniambia," nikasema.

"Alisemaje?"

Nikamwambia yote, na mto, na funguo. Nikaongeza kwamba alisema ni mwanamke mwema. Nikaongeza kwamba alibaki, hakumkimbia, na kwamba hilo nalo lina maana yake.

Alisikiliza hadi mwisho. Nje lori la kuzoa theluji lilipita, vikombe vikatetemeka kabatini.

"Angesema," alisema hatimaye. "Angenipigia kelele hata siku moja. Ningekuwa na mtu wa kugombana naye. Miaka kumi na moja nimelala na mtu mpole, Milo, nikijigombeza peke yangu."

"Alitaka kukulinda, shemeji."

"Najua alichotaka." Akasimama, akamimina supu yangu kwenye bakuli lake ili anirudishie sufuria. Aliiosha. Aliikausha kwa kitambaa, ndani na nje, muda mrefu kuliko sufuria inavyohitaji. "Asante kwa kuniambia. Sasa nenda."

Sikumwambia Duffy, wala hadi leo hajui. Kila Jumapili alikuwa akitazama mlango. "Shemeji vipi? Nilimkosea?" Nilimjibu ana mafua. Baadaye nikasema ana wageni. Duffy akanunua sanduku la chokoleti akampelekea, akarudi nalo, hakufunguliwa mlango. Baada ya hapo hakuwa na hamu ya utani, na poka bila kelele za Duffy ni watu watatu wanaohesabu sarafu. Aprili Tregear alisema macho yanamchoka, tukaacha.

Mwezi wa tano Idella aliuza nyumba kwa bei ya kutupa, maana nani ananunua nyumba Butte siku hizi, akaenda kukaa na dada yake Spokane. Nilikwenda kumsaidia kupakia. Vitu havikuwa vingi. Zile nguo za Eino aliziacha kwenye maboksi kibarazani, ziende kanisani. Alipomaliza kufunga mlango alinipa mkono, jambo ambalo hatukuwa na desturi nalo.

"Kaburi la Arvid ulisafishe," alisema. "Theluji ikikaa sana jiwe linapasuka."

"Na la Eino?"

"Shauri yako."

Akaingia kwenye gari la dada yake, kiti cha nyuma.

Nimemwandikia mara mbili. Mara moja alijibu, kadi fupi: amepata kazi jikoni kwenye shule, goti linamsumbua, Spokane mvua ni nyingi. Jina lake chini, basi.

Theluji ya kwanza ya mwaka huu ilianguka Oktoba. Nilikwenda makaburini na ufagio na koleo dogo. Nilianza kwa mtoto, nikasafisha jiwe hadi herufi zikaonekana. Kisha nikasimama mbele ya Eino na kumwambia maneno makali, kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Nilimwambia alikuwa mwoga. Nilimwambia alinibebesha mzigo wake mtoni na mimi mjinga nikaupokea. Nilipoishiwa maneno nilisafisha na lake, kwa sababu mkono ulikuwa umeshashika ufagio. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nikashuka kilima polepole, nikishika uzio, nikarudi nyumbani.