Mkwe Asiyelala Mbele Yangu

Mkwe wangu Dekow, dalali wa mbuzi, ana adabu mpaka inakera. Tangu amwoe binti yangu Rukiyo, hajawahi kuketi mbele yangu. Nikiingia anainuka, nikimuuliza habari za watoto anavijibu viatu vyangu. Heshima si utumwa, wanasema, lakini ya Dekow inakaribia.

Jambo la pili analojulikana nalo ni kudharau samaki. Mnadani hachoki kusema kwamba anayekula samaki ameishiwa na mbuzi.

Sasa, Jumanne mchana nilikuwa zamu katika kituo cha afya hapa Ijara, rafiki yake Warsame akamleta akimkokota. Midomo imevimba, ngozi imejaa mabaka, kifua kinapiga filimbi. Nikamlaza kitandani. Akafumbua macho, akaniona mimi muuguzi, mama mkwe wake, akainuka.

"Lala," nikasema.

"Mbele yako siwezi, hooyo." Hooyo ni mama. Miguu ikamlegea, nikamdaka.

Mzio mkali hushusha presha ghafla. Mgonjwa akisimama, moyo unaweza kukosa damu ya kusukuma, na hapo ndipo watu hufa. Mume wa mwanangu alikuwa anajiua kwa heshima. Niliogopa, sikatai.

"Umekula nini?"

"Mbuzi," akasema kwa shida. Warsame akatazama dari.

Sikungoja ukweli. Nilivuta adrenalini nikamchoma pajani juu ya kikoi chake, maana kumfunua mkwe huyu kungemmaliza kabla ya ugonjwa. Nikamwekea oksijeni, nikainua miguu yake juu ya blanketi, nikatundika dripu. Kugeuka kuchukua kipimo cha presha, namwona tayari ameegemea kiwiko, ananiinukia tena.

Nikapandwa na hasira. Nikamwinamia sikioni.

"Dekow, unanuka samaki. Ukiinua kichwa tena, kesho nakuja mnadani mwenyewe na kipaza sauti."

Akalala. Presha ilikuwa bado chini, nikamchoma ya pili, na safari hii hakutikisika. Kifua kikaanza kufunguka taratibu. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, mbele ya Warsame, wala sikuona haya.

"Nimekula mara chache tu, hooyo," akanong'ona sauti iliporudi. "Kule Masalani, mtoni. Mara za kwanza ulimi uliniwasha tu."

"Wa kukaanga, na ndimu," Warsame akaongeza bila kuulizwa.

Nikamwambia atalala hapo hadi kesho, kwa kuwa mzio huu huweza kurudi, na kwamba samaki amemuaga milele. Rukiyo akaingia akilia, anauliza mumewe amekula nini. Mimi nikanyamaza. Siri ya mgonjwa ni yake.

"Samaki," Dekow akasema.

Rukiyo akafuta machozi. "Kwa hiyo ile harufu ya kila ukitoka Masalani ni samaki tu?"

"Samaki tu."

"Nami nilidhani umeoa mke wa pili huko." Akakaa chini akacheka mpaka akalia upya, akiwa amemshika mumewe mkono.

Nikasogea kupima presha. Dekow hakuinuka. Akiwa chali, miguu juu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe wangu, akaniomba maji. Nikayaendea mwenyewe, nikamletea.