Presha ya Nyumba ya Mwisho

Mtaa ulimwita Mama Chumvi, maana hakuna nyumba aliyoingia akatoka bila kuisema vibaya chumvi. Alikuwa mhudumu wa afya: msimu wa vipimo ukifika alipita mlango kwa mlango na mashine ya presha, akituma majibu zahanati kwa simu. Kwa majibu hayo zahanati ilijua mtaa upi unaumwa nini na dawa zipelekwe wapi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yake. Akampima mumewe, fundi seremala, mtu wa kumwagia chakula chumvi kabla hajakionja. Mashine ikatoa namba kubwa ambayo hakuwa ameiona kwa jirani yeyote. Uso wake ukawaka. Wale aliowaondolea vikopo vya chumvi mezani wangecheka mpaka wakae chini. Mganga hajigangi, wangesema.

"Vipi?" fundi akauliza.

"Iko sawa."

Akaenda chumbani, akajipima mwenyewe, akatuma presha yake kwa jina la mumewe. Alijiambia kesho atampima tena. Kesho ikaja na mambo yake.

Sasa walikuwa zahanati, mbele ya nesi, na fundi alikuwa ameweka pakiti ya vidonge vyake vya presha mezani.

"Dada, hivi nakurudishia. Vinanipa kizunguzungu, na mimi kazi yangu ni juu ya ngazi. Niliacha kitambo, nikamficha mama watoto asinigombeze. Lakini si kanipima mwenyewe? Niko sawa."

Nesi akatazama kompyuta. "Bila dawa, na kipimo ndicho hiki? Basi uamuzi ni wako, shemeji. Zipo dawa nyingine zisizozungusha kichwa, lakini kwa presha hii hata mimi nisingekulazimisha." Akamgeukia Mama Chumvi. "Nyumba yako nitaitaja kwenye mkutano wa mtaa. Ni mfano."

"Umesikia, mama watoto?" fundi akasema, akampiga begani kwa furaha. Alikuwa anajivunia mkewe, na hilo ndilo lililomchoma Mama Chumvi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Si yake," akasema.

"Nini si yake?" nesi akauliza.

"Hiyo presha. Ni yangu. Yake ilikuwa juu sana." Alitaka kusema ilimtisha, lakini uongo ulikuwa umetosha. "Ilinitia aibu."

Nesi aliondoa macho kwenye kompyuta. Kisha akauliza taratibu, "Na majirani je? Wao uliwapima kweli?"

"Wote, haki ya Mungu," akajibu, na akasikia mwenyewe jinsi kiapo chake kilivyokuwa chepesi.

Fundi hakugomba. Alikunja mkono wa shati, akauweka mkono mezani. Kwa mazoea Mama Chumvi akachukua kitambaa cha mashine ili amfunge.

Fundi akausogeza mkono upande wa pili wa meza.

"Nipime wewe, dada," akamwambia nesi.