Nilikuwa Namuuliza Mama
...nyumbani, nimeshamjibu, mke wangu anapenda kuhudumiwa hapa hapa nyumbani, lakini huyu binti wa utafiti wala haandiki, anasema kwa upole, "Samahani baba, nilikuwa namuuliza mama," halafu anasogeza stuli mpaka mbele ya kiti cha magurudumu, magoti yao karibu yagusane, anarudia taratibu, "Mama, ungependa mhudumu aje hapa, au upelekwe kituoni ushinde na wenzako, jioni urudi?", na mke wangu anamtazama, mdomo unahangaika upande ule ambao kiharusi hakikuugusa, na mimi jibu liko kwenye ncha ya ulimi, nyumbani, mwambie nyumbani... daktari nilimwambia hivyo hivyo, na dada yake pia, akasema, shemeji, una moyo wewe, nikaipokea sifa, maana kweli namwogesha, namlisha, hata nywele namsuka, mistari inakwenda kombo lakini namsuka... zamani msemaji alikuwa yeye, mimi fundi saa, kazi ya kuinamisha kichwa, mteja akija juu yeye ndiye anatoka nyuma ya pazia kumpoza, "Muache mume wangu, huyo anaongea kwa mikono," mteja anacheka, hasira kwisha, na usiku ananisimulia mtaa mzima, nani kanuniana na nani, mimi naitikia tu, ehe, ehe... sasa naongea mimi, anataka chai, amechoka, hapendi wageni... hapendi wageni, hilo nimelitoa wapi, mtu aliyekuwa akitoka kununua chumvi tu anarudi chakula kimeshapoa, kila mlango amesimama, huyo ndiye hapendi wageni?... binti hamharakishi, nje mtu anaburuta ndoo, mdomo bado unahangaika, kuna sauti inakuja, "kw... ki...", sijaisikia vizuri, inaweza kuwa "kwangu", yaani hapa nyumbani, inaweza kuwa "kituoni", ningeweza kummalizia, ndivyo ninavyofanya siku zote, neno likikwama nalidaka, yeye anafumba macho, nami nadhani ameridhika... nadhani... naubana ulimi kwa meno, nangoja kama anavyongoja binti, nimekaa kama mtu aliyeitwa ofisini asiambiwe kosa, maana tangu augue nimekuwa nikijua anachotaka kabla hajakitaka, na sasa hivi, mdomo wake ukiwa umefunguka hivyo, sijui.