Nani Alimchukia Kanali

Usiku wa kuamkia leo niliota nashtakiwa kwa mauaji huko Uingereza, katika nyumba kubwa ya mashambani, nami nimevaa khanga ya kulalia.

Ni saa ya chai. Marehemu, Kanali Hargreave, amelala kifudifudi kwenye zulia la sebuleni, kisu kimesimama mgongoni. Nikampa pole.

"Nimeshapoa," akasema. "Ila aliyenichoma sikumwona. Nilikuwa nimegeukia upande wa pili."

Mlango ukafunguka, akaingia Bi. Araminta Pellow juu ya baiskeli. Huyu ni bibi wa kijiji kile. Si askari, kazi yake ni kupalilia mawaridi, lakini akiuawa mtu ndiye anayeitwa. Amevaa gauni la hariri na buti za mvua, na juu ya kofia yake kuku analalia mayai.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Kanali alipouawa ulikuwa wapi?"

"Sikuwepo. Hata sasa sipo. Nimelala Korogwe, ubavuni mwa mume wangu."

Akashauriana na kuku kwa kunong'ona.

"Utetezi mzuri," akasema. "Lakini hauthibitiki mpaka uamke."

Hapo ukaingia mkono wa sheria. Ulipitia dirishani, mrefu, una vifungo vya shaba, ukavuka sebule nzima ukanishika kiwiko. Mwenyewe, Inspekta Dobbs, alibaki kituoni mji wa pili, anakunywa chai kwa mkono uliobaki. Kisha ukaletwa ushahidi dhidi yangu. Ulikuwa mzito. Askari waliuegemeza ukutani wakihema.

Kwa mbali nikasikia sauti ya mume wangu, Mhina. "Mama Sefu, amka, kumekucha."

Nikashusha pumzi. Nikiamka, nimeachiwa huru.

"Nenda zako," akasema Bi. Araminta. "Lakini ukitoka wewe, ndoto inafungwa. Kanali atabaki hapo hapo kwenye zulia."

Nikamtazama Kanali. "Kwani ukibaki kuna ubaya gani?"

"Mke wangu, Edith, ananisubiri stesheni. Alitangulia zamani. Na marehemu haruhusiwi kupanda treni mpaka muuaji wake ajulikane. Wala si hilo tu. Nimelala hapa nawapitia watu wote niliowahi kuwafahamu. Sijui ni nani alinichukia kiasi hiki."

Nilishindwa kuondoka. Nikakaa chini karibu na kichwa chake.

"Mhina, nisubiri kidogo," nikasema.

"Uji unapoa," akajibu Mhina kutoka Korogwe.

Bi. Araminta akaanza kuhoji. Saa ya ukutani ilisema iliziba uso kwa mikono yake yote miwili, haikuona kitu. Birika halikuweza kusema, mdomo ulikuwa umejaa chai. Pazia likasema lenyewe hutazama nje tu.

"Na kisu?" nikauliza.

"Kisu ni kielelezo," akasema Bi. Araminta. "Vielelezo havihojiwi."

Nikainama hata hivyo. "Wewe, nani alikushika?"

"Hakuna," kisu kikasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa pambo ukutani. Msumari uliliwa na kutu. Kanali aliinama kumwekea paka maziwa, nami nikaanguka. Natamani kusema tangu hapo, ila wote wananizunguka tu na kunitazama."

Kuku akaacha kujigeuza.

"Kwa hiyo hakuna aliyenichukia?" akauliza Kanali.

"Hakuna," kikasema kisu. "Mimi mwenyewe nilikuwa nakupenda. Ulikuwa ukinipangusa vumbi kwa leso yako."

Kanali akalia kidogo ndani ya zulia. Kisha akainuka, akajikung'uta magoti, akatengeneza tai.

Sasa tuko stesheni. Treni imeshafika, inafuka moshi mweusi wa makaa. Mama mmoja mwenye kofia ya buluu anashusha kioo cha behewa.

"Umechelewa," anamwambia.

"Nilikuwa nachunguzwa, Edith," Kanali anajibu, na anapanda na kisu chake mgongoni. Mama yule anamsogezea nafasi ili kisipate kugonga kiti.

Mkono wa sheria ukaniachia. Kwa kuwa haukuwa na wa kumkamata, ukaanza kuwasaidia abiria kupandisha mizigo.

Bi. Araminta alikuwa amenuna juu ya baiskeli yake. "Mauaji yasiyo na muuaji. Nitawaambia nini majirani?"

"Waambie ukweli."

"Watasema nimezeeka," akasema, lakini alivua glavu akampungia Kanali. Nami nikapunga, nikasimama pale hadi behewa la mwisho lilipopita mbele ya uso wangu.

Ndipo nikaamka.

Mhina alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha uji. "Mke wangu, leo umelala kama maiti."

Pua iliniwasha. Nikachukua leso nyeupe chini ya mto, nikapenga. Leso ikatoka nyeusi, imejaa masizi.

Mhina akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Ulikuwa unachochea moto wapi?"

Nikapokea uji, nikanywa. Sisi nyumbani tunapikia gesi.