Jenereta Nyuma ya Nyumba ya Mila

Ijumaa ile Idara ya Usafi wa Hewa walikuwa na keki. Imepakwa krimu ya bluu, imeandikwa HONGERA KITENGO CHA VIBALI, na Marisela Urrutia ndiye aliyepewa kisu aikate. Alistahili, ndivyo wenyewe walivyosema. Zamani, mtu akitaka kibali cha tanuri, cha pampu, cha chochote kinachotoa moshi katika bonde lile la Kalifornia, alipigwa danadana mpaka akasahau alichokuwa anaomba. Marisela akakabidhiwa kazi ya kunyoosha mambo, naye akayanyoosha. Maombi yote mtandaoni. Simu zote zinarekodiwa. Kupita mlango wa nyuma kwa sababu unamjua fulani, marufuku. Na ukutani pale mapokezi akatundika skrini: ombi likienda ndani ya muda wake linaonekana kijani, likichelewa linawaka jekundu, kila anayeingia aone.

Sasa skrini ilikuwa kijani tupu. Wakurugenzi wakawa wanapiga picha mbele yake.

Lakini kijani kile kilikuwa cha ujanja. Kanuni ilisema muda wa ombi unasimama pale idara inapomuuliza mwombaji swali, na akishajibu unaanza kuhesabiwa upya. Wahandisi wa pale si wajinga. Siku zikikaribia kwisha na faili hujaligusa, unatunga swali, lolote lile, unalituma, unaendelea na kahawa yako. Marisela aliligundua hilo mapema sana. Alinyamaza. Jina lake lilishaanza kutajwa kwa ukuu wa kitengo, na nani ana hamu ya kuchafua skrini yake mwenyewe?

Kipande cha keki kiko mkononi, simu ya mezani ikalia.

"Mari, ni mimi Mila. Samahani mwanangu, najua una kazi."

Milagros Dimaculangan, Mfilipino, alikuwa na nyumba ya kutunzia wazee upande wa pili wa reli. Mama yake Marisela alifia pale, na Mila ndiye aliyemwosha, akamchana nywele, akakataa kabisa aondolewe kabla binti yake hajafika.

"Mama Mila! Husumbui. Kuna nini?"

"Wameniuliza tena. Safari hii wanataka umbali kutoka bomba la moshi mpaka shule ya jirani."

"Si uliuweka kwenye ramani?"

"Niliuweka. Nikauzungushia na kalamu nyekundu. Mara ya kwanza waliuliza shule ni ya msingi au ya sekondari. Nikajibu. Sasa hili. Nifanyeje, niwapelekee mwalimu mkuu?"

Marisela akacheka. Mila hakucheka.

Jenereta yake ya zamani idara ndiyo iliyoikataa, moshi wake mweusi mno, na watu wa vyuma chakavu wakaja kuibeba. Mpya ilikuwa imeshafungwa nyuma ya nyumba, nyaya tayari, tangi limejaa dizeli. Ilikosa karatasi tu.

"Upepo unakuja Jumapili," Mila akasema. "Shirika la umeme wametuma ujumbe, watakata, wanaogopa nyaya zisiwashe moto porini. Mimi nina watu watatu wa mashine za kupumulia, mwanangu. Betri zake hazifiki mbali. Umeme ukikatika, naweza kuiwasha?"

Kabla ya Marisela, meza ile ilikuwa ya mzee mmoja aitwaye Virgil Stamps. Virgil alikuwa na jibu moja kwa maswali ya namna hii: washa bwana, Jumatatu tutaongea. Marisela alimsikia mara nyingi, na kila mara alimwona mzembe, mtu wa kujuana, ndiye hasa aliyeifikisha ofisi pabaya. Sasa jibu lile lile lilimjia mdomoni. Halafu akasikia ile sauti ndogo kwenye waya, inayokumbusha kwamba mazungumzo yanahifadhiwa.

"Bila kibali hairuhusiwi, Mama Mila. Faini yake ni ya kila siku, na leseni ya nyumba inaweza kuguswa."

"Wewe ndiye unayeniambia hivyo?"

"Kanuni ndiyo inayosema."

"Haya," Mila akasema. "Nitasubiri."

Marisela hakuwa na roho ya jiwe, tusimwonee. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Preston, kijana mwenye faili lile, akamkuta anaramba krimu kwenye uma.

"Faili la nyumba ya wazee lina kasoro gani?"

"Halina. Nilibanwa tu, lilikuwa linaelekea kuwa jekundu."

"Basi lipitishe leo."

Preston akainua nyusi, na wenzake wawili wakageuka kusikiliza. "Eti bosi, linapita kwa foleni au kwa sababu unamjua mwenyewe? Maana ni wewe uliyetuambia humu ndani hatuna shangazi."

Wakacheka. Utani wa kawaida wa ofisi, hata ubaya haukuwa nao. Marisela akahisi masikio yanamchoma. Angeweza kusema nalichukua mimi, nipe hapa, na sahihi yake ingetosha, dakika tano tu. Jamani, dakika tano.

"Kwa foleni," akasema. "Kama kawaida."

Jumapili upepo ulikuja kweli, wa vumbi, na mchana umeme ukakatwa. Mila alipiga simu ya dharura, akaambiwa magari yako njiani, nyumba za wazee ni nyingi, avumilie. Akavumilia. Alishawahi kupigwa faini na idara ile kwa ajili ya jenereta ya zamani na nusura afunge, na wazee ishirini na kitu hawana pengine pa kwenda. Kila alipopiga tena, magari yalikuwa njiani. Jua linaelekea kuzama, betri zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Siku hiyo zamu ilikuwa na muuguzi mmoja na mpishi. Kila mmoja akashika mgonjwa wake, anamminyia hewa kwa mfuko wa mkono, na hapo hata wa kukimbia uani hakuwepo tena.

Mila alimshika Osvaldo Freitas, Mreno, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyestaafu. Mwanamke wa miaka sitini na saba, ana baridi yabisi ya vidole, anaminya. Mikono ilipokataa kabisa alimpigia mpishi kelele aache, akaiwashe, liwalo na liwe. Mpishi alikuwa na mzee wake mikononi, akasita, kisha akakimbia.

Jenereta iliwaka mara moja. Taa zikarudi, mashine zikaanza kuhema. Osvaldo alikuwa ameshakata roho.

Jumatatu asubuhi habari zilikuwa zimeshafika ofisini, na Preston, uso umemshuka, alilipitisha faili la Mila bila kuambiwa na mtu. Skrini ikaliandika kijani. Ndani ya muda.

Marisela aliondoka kazini bila kuaga. Alimkuta Mila anakunja shuka katika chumba cha Osvaldo, godoro limesimamishwa ukutani, viganja vyake vimefungwa bendeji. Alitaka kusema pole. Kilichotoka kikawa kingine.

"Ungeiwasha tu, Mama Mila. Upepo, umeme hakuna, watu wa mashine. Hakuna ambaye angekutoza faini."

Mila akaacha kukunja.

"Ijumaa ulikuwa unalijua hilo?"

Marisela akashika pembe ya shuka amsaidie.

"Nakuuliza. Ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua."

Mila hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha. "Tangu jana watoto wa Osvaldo wananiuliza kwa nini niliiacha ikae pale na tangi limejaa. Nawaambia niliambiwa nisiwashe. Hawaniamini, wanasema najitetea." Akaonyesha mlango kwa kidevu. "Binti yake yuko jikoni. Nenda kamwambie."

Kutoka pale chumbani mtu angeweza kusikia sauti ya mwanamke akiongea Kireno kwenye simu, anakatishwa na kilio, anaanza tena. Marisela alitoka akasimama kwenye korido. Kulia kulikuwa jikoni, kushoto mlango wa uani. Alisimama kiasi cha kumsikia yule mwanamke akimaliza kuongea na kuweka simu mezani. Kisha akatoa funguo za gari mkobani na kutokea uani.