Aliyeshika Miguu

Mwalimu Thuranira alipomaliza kufunga kamba za viatu, hakuondoka. Alisimama mlangoni mwa chumba cha masaji, kofia mkononi, akimtazama Wamuyu kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mama Kaari, asante kwa haya mabega," alisema. "Na unishukurie yule mama aliyekuwa ananishika miguu. Ametoka haraka, sikumwona hata uso."

Wamuyu alikuwa akikunja leso. "Mama gani, Mwalimu?"

"Huyo unayefanya naye kazi. Mikono yake mizito, halafu ina moto mzuri."

Wamuyu alicheka kidogo ili asimtie mzee wasiwasi. Akamkumbusha asiache kumeza dawa zake za presha, maana masaji inazisaidia tu, haiwezi kushika nafasi ya dawa. Kisha akamsindikiza mpaka mwisho wa mibuni. Aliporudi hakuingia chumbani. Alikaa nje juu ya jiwe la kufulia hadi kivuli cha nyumba kikamfikia. Tangu Mwalimu alipolala kitandani hadi alipoamka, walikuwa wawili tu mle ndani.

Chumba hicho kilikuwa cha mama mkwe wake, Karwirwa, aliyezikwa msimu uliopita wa kuchuma kahawa. Kijiji kizima cha Kanyakine kilimjua. Alikuwa akikanda wanawake waliotoka kujifungua, watoto waliosokotwa na tumbo, wazee waliokakamaa viuno kwa kulima. Mwanawe Bundi alipomleta nyumbani mke kutoka Siakago, tena aliyesomea masaji katika chuo cha Embu mjini na kufanya kazi hotelini, majirani walikaa wakingoja ugomvi. Haukutokea. Karwirwa alimtazama mkaza mwana akichua shingo ya mgonjwa mmoja, akavuta kigoda, akaketi upande wa pili wa kitanda.

"Wewe shika juu, mimi nishike chini," alisema. "Mwili ni mmoja."

Wakafanya kazi hivyo miaka mingi. Wamuyu kwenye mabega na mafuta ya mbarika aliyoletewa kutoka kwao, Karwirwa na miguu ya mgonjwa mapajani. Wangeweza kumaliza asubuhi nzima bila kusemezana. Mgonjwa alipovuta pumzi moja ndefu na kuiachia kama mtu aliyetua mzigo, Wamuyu alijua bila kutazama kwamba mama mkwe amefika kwenye unyayo.

Baada ya Mwalimu, alikuja mwanamke aliyekuwa na mtoto mchanga. Naye aliuliza kuhusu yule mama wa miguuni. Kisha mchuuzi wa ndizi, ambaye hakuuliza kitu, bali alisema tu usingizini, "Hapo hapo, nyanya." Wamuyu aliomba. Alifungua dirisha. Alikitoa kigoda, akakipeleka jikoni na kuanza kukikalia yeye mwenyewe akimenya viazi. Haikusaidia. Yeye hakuona mtu wala hakuguswa. Alichokisikia ni ile pumzi tu. Akiwa bado kwenye shingo, hata hajafika mgongoni, mgonjwa alivuta hewa na kuiachia, na nywele za Wamuyu zilisimama.

Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba anaogopa watu watamkimbia, lakini watu hawakukimbia, walizidi kuja. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kuingia chumbani mapema kuliko zamani, na kabla ya kutandika kitanda alikuwa akibisha hodi.

Aliyeleta taabu ni Bundi.

Bundi alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Mama yake alikata roho yeye Bundi akiwa mnadani Ruiri, akibishana bei ya fahali, na alipofika nyumbani mwili ulikuwa umeshafunikwa. Hakulia. Aliwapokea wageni, akasimamia kaburi, akawashukuru watu wa kanisa. Baadaye shingo ilianza kumkaza na kichwa kumgonga. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema damu haina shida, presha haina shida. Apumzike, na akiweza atafute mtu wa kuongea naye.

"Niongee nini?" aliuliza. "Mtu amekufa. Sasa niongee nini?"

Wamuyu alisitasita, lakini maumivu yalipomzidi mumewe alimlaza kitandani. Alipasha mafuta, akaanza na shingo iliyokuwa ngumu kama mpini wa jembe. Haukupita muda. Bundi alivuta pumzi, akaiachia. Kisha mwili wote ukashtuka.

"Wamuyu. Uko wapi?"

"Niko hapa. Mikono yangu si hii hapa shingoni?"

 Bundi aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mdogo. "Kidole cha mwisho kimepinda. Kile cha Mama, kilichovunjwa na ndama."

Wamuyu aliondoa mikono, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Bundi hakugeuka wala kuinuka. Alibaki amelala kifudifudi, na vidole vya miguu yake vilikuwa vikijikunja na kujikunjua polepole, kama vya mtoto anayechezewa.

Siku ile maumivu ya kichwa yaliisha. Kesho yake aliomba kukandwa tena, na kesho yake tena. Wiki ya mnada ikafika, akawapigia simu wenzake kwamba haendi. Chakula alikionja tu. Alisema hana njaa, alisema amelala vizuri, alisema hajawahi kujisikia hivi tangu utotoni, na mashavu yake yalikuwa yakiingia ndani. Mwishowe hakuhitaji hata kukandwa. Wamuyu angetoka shambani na kumkuta amejilaza mwenyewe, miguu imetokeza nje ya leso.

Siku moja Wamuyu alimkuta Mwalimu Thuranira mlangoni, amefika kwa zamu yake, na Bundi amemzuia.

"Rudi nyumbani, mzee," Bundi alikuwa akisema. "Mmemchosha. Kila mtu anataka ashikwe na yeye. Mlikuwa mnamtumikisha akiwa hai na bado hamjatosheka!"

Mwalimu alimtazama Wamuyu. Hakuuliza anayezungumziwa ni nani. Alivaa kofia yake akaondoka akiangalia chini, na tangu hapo wagonjwa walianza kupungua.

Jioni hiyo, bado jua liko, Wamuyu alimpigia simu wifi yake Karambu, aliyeolewa upande wa pili wa bonde. Akamweleza yote, tangu yule mama wa miguuni hadi kidole kilichopinda. Alingoja acheke. Karambu hakucheka.

"Nakuja kesho," alisema.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri, na alipofika, leso yake ikichuruzika maji, walikwenda moja kwa moja chumbani. Bundi alikuwa chali, amefumba macho, anatabasamu. Wamuyu alimgusa miguu na kuiachia upesi. Ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Kucha zilikuwa za buluu.

"Baba Kaari, amka."

"Mwache amalize," Bundi alisema bila kufungua macho.

"Anakumaliza wewe! Hebu angalia miguu yako."

"Nikiamka atabaki peke yake." Machozi hayakumtoka. "Alikuwa peke yake siku ile. Mimi nilikuwa nauza ng'ombe. Sitamwacha tena."

Wamuyu hakufikiri. Alipiga magoti mwishoni mwa kitanda, mahali ambapo hakuwahi kukaa hata siku moja, akaishika ile miguu kwa mikono yote miwili, ashindane na baridi. Ndipo akavigusa. Vidole vilikuwa hapo tayari. Vilikuwa vizito, vya moto, na cha mwisho kimepinda, na havikutoka chini ya mikono yake. Karambu, aliyekuwa amesimama karibu, aliona mikono ya wifi yake ikiinuka kidogo juu ya ngozi ya Bundi na kukaa hewani, kama iliyowekwa juu ya mikono mingine. Alijiziba mdomo kwa leso.

Wamuyu alitamani kupiga kelele. Badala yake alijisikia akisema kwa sauti ile ile ya zamani, ya watu wawili walio kazini:

"Mama, si wewe tu uliyekuwa peke yako siku ile. Mwanao amekuwa peke yake tangu siku ile. Nipe. Leo mimi nishike chini."

Mvua iligonga mabati. Vidole havikusogea.

"Nipe, Mama. Anakufa."

Vilikaza mara moja, kwa nguvu hata Wamuyu akauma meno. Kisha mikono yake ikashuka yenyewe na kukuta ngozi ya mumewe, baridi.

"Mshike kwapani!" alimwambia Karambu.

Walimburuta Bundi hadi jikoni, naye akipigana nao, akiita mama yake kama mtoto aliyepotea sokoni. Wakamtia miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye majani ya mkaratusi, wakamfunika yeye na mvuke kwa blanketi moja, na Karambu akamkumbatia kwa nje asitoke. Kilio kilianza chini ya blanketi. Kwanza kilikuwa kama kikohozi, halafu kikawa sauti ambayo wanaume wa kwao hawatoi mbele ya watu. Majirani walikuja wakinyeshewa. Hakuna aliyeambiwa aingie na hakuna aliyeambiwa aondoke. Alilia mpaka maji yakapoa, wakabadilisha maji.

Walimpeleka hospitali. Daktari alisema amekosa chakula mwilini, akamtundikia maji, na baadaye akampeleka kwa dada mmoja mshauri ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza. Mara ya kwanza Bundi alikaa kimya saa nzima. Mara ya pili alizungumza juu ya fahali wa Ruiri. Alipona polepole, kwa kurudi nyuma na kwenda mbele. Mnadani alirudi, ila haingii tena kile chumba, na akiumwa shingo anakandwa sebuleni, amekaa kitini, viatu miguuni.

Wagonjwa walirudi pia. Wanasema Wamuyu ana mkono mzuri. Hakuna tena anayeuliza kuhusu mtu mwingine, isipokuwa Mwalimu Thuranira, ambaye siku moja alilala kimya mpaka mwisho, akaamka, akasema, "Basi ameenda," akatafuta soksi zake.

Jumapili moja baada ya ibada Karambu alimkuta Wamuyu akifua mashuka ya kazi. Alimsaidia kuyakamua, wakayaanika. Kisha akamtazama usoni.

"Sisi tulimlilia mama yetu," alisema. "Wewe uliketi naye kila siku kuliko sisi sote. Wewe nani alikushika?"

Wamuyu aligeukia kamba na kunyoosha shuka lililokwisha kunyooka.

Karambu alimshika mkono, akampeleka chumbani, akamlaza. Hakujua kukanda. Alimwaga mafuta mengi mno na kumbana mfupa wa bega mpaka Wamuyu akakunja uso kitandani, lakini hakumwambia aache. Alikuwa akisikiliza miguu yake, akingoja ile mikono mizito. Aliisikiliza kwa muda mrefu, bila kupumua vizuri. Hapakuwa na kitu zaidi ya uzito wa blanketi. Ndipo machozi yakaanza kumtoka, yakiingia kwenye shuka safi, na Karambu akazidi kumbana palepale penye mfupa.