Sauti ya Baiskeli ya Mkunga

Mume wangu mtaa mzima unamwita Sikio, kwa sababu hakuna baiskeli iliyowahi kumdanganya. Na baiskeli, kama hujui, ni mwongo kuliko mchumba. Inalia huku, ugonjwa uko kule. Mtu analeta yake akiapa kwamba inagonga pale chini katikati, kwenye ekseli ya pedeli, na gololi mpya ameshanunua. Sikio anamwambia apande, azunguke mbele ya baraza, kisha akanyage akiwa amesimama. Kelele ikikatika, basi chini hakuna kitu, ni tandiko. Vyuma vyote vimeungana, sauti inatembea humo kama umbea kwenye nyumba ya kupanga.

Ikigonga mara moja kila pedeli zikizunguka, ni mkono wa pedeli au ile pini inayoushika kwenye ekseli. Ikigonga inapojisikia, huo ni mnyororo. Na kwa zile sugu alikuwa na dawa yake: anaining'iniza baiskeli kwa kamba kwenye boriti, anang'ata mpini wa bisibisi, ncha anaiegemeza kwenye chuma, sauti impandie menoni, halafu pedeli inazungushwa taratibu. Anafumba macho kama mtu anayesali. Akiyafumbua, ameshajua.

Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Kichwa ni mimi, ila hilo nilimwachia aligundue polepole.

Masikio yake yaliondoka kama wageni wenye haya, bila kuaga. Walianza kumpotea ndege, zikafuata kengele, nikafuata mimi. Hilo la mwisho nilidhani ni ndoa tu. Mpaka siku moja nikamwona mteja anazunguka na baiskeli inayopiga ko, ko, ko, watoto wa jirani wanacheka, na Sikio amesimama kaduwaa, jasho linamtoka. Akanitazama. Nilikuwa kwenye kigoda changu nashona vifungo. Nikajigonga goti.

Akamgeukia mteja. "Pini ya mkono hiyo, bwana."

Tangu hapo tukawa na lugha yetu. Goti, pini. Kutafuna, mnyororo. Kujikuna kalio, tandiko. Majirani waliniletea dawa ya upele, nikaipokea na shukrani juu. Yeye na mimi hatukulizungumza kamwe, hata tukiwa wawili. Neno "kiziwi" lilikuwa halijakanyaga nyumbani kwetu, nami nililinda mlango. Maana mikono ya kukaza nati kila mtu anayo. Mume wangu bila masikio wangemwitaje?

Mkunga wetu huzunguka mitaa yote kwa baiskeli, na mkoba wake umefungwa nyuma. Alikuja asubuhi ambayo mimi nilikwenda kung'olewa jino. Niliporudi, shavu limevimba kama andazi, nilimkuta Sikio anapangusa mikono, anang'aa kama bwana harusi.

"Leo nimefanya mwenyewe," akasema.

Sikuweza kujibu, mdomo umejaa pamba. Nikauliza kwa nyusi.

"Ya mkunga. Inagonga chini. Nikang'ata bisibisi, nikasikia! Mke wangu, nimesikia kabisa, inasaga kama mchanga. Gololi zimekwisha. Nimeweka mpya, nimejaza grisi. Kapanda kaondoka, kimya, hata paka hakugeuka."

Alinishika mkono. Mzee mzima, mikono ya grisi, ananishika mkono barazani mchana kweupe. Nikafurahi. Nani asingefurahi? Nikajiambia labda masikio yamerudi. Mungu hapangiwi.

Jioni tukiwa tunakula alisimama ghafla, akatema kitu kwenye kiganja. Gego. Lilikuwa limelegea muda, sasa limeng'oka. Nikalitazama, nikatazama bisibisi iliyolala dirishani, na mpini wake umejaa alama za meno. Kilichosaga hakikuwa gololi. Alijisikiliza mwenyewe.

Nikamtengenezea maji ya chumvi. Nikajiambia kesho nitapita kwa mkunga kwa mzaha, nipande baiskeli yake kama kichaa, nisikilize. Grisi mpya huziba mdomo wa kila kitu, lakini haizibi muda mrefu. Asubuhi nilipofunga kanga nitoke, habari ikanikuta mlangoni.

Mkunga aliitwa alfajiri kuzalisha. Alipofika kwenye mlima alisimama juu ya pedeli, pini ikakatika, mkono wa pedeli ukazunguka mtupu, naye akaruka upande na mkoba wake. Mfupa wa bega ukavunjika. Mtoto alijizalia mwenyewe huko, mzima, hana habari. Tunaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa asiyesikia alikuwa mzima, anakunywa chai.

Bega lilipopoa kidogo, wakaja. Mkunga kafungwa mkono shingoni, mumewe nyuma anaikokota baiskeli.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mkono umefanya nini?"

"Anauliza mkono umefanya nini!" akafoka mumewe. "Pini, Mzee! Pini imekatika!"

Sikio akatabasamu, akatikisa kichwa. "Gololi zile bado mpya. Hazina neno."

Mkunga na mumewe wakatazamana. Mumewe akasema, "Huyu hasikii huyu."

"Hebu nyamaza," mkunga akamwambia. Akamsogelea Sikio, akasema polepole, bila ukali, na afadhali angetukana: "Mzee wangu, siku ile ulisikia?"

Sikio akanitazama.

Niliangalia mikono yangu. Goti lipo, kalio lipo, meno yaliyobaki yapo. Kwa swali lile hatukuwa na ishara. Nikaiacha mikono mapajani, na yeye akaisoma hivyohivyo.

Akamwomba yule bwana pini kwa kuonyesha kidole. Vipande viwili. Akavigeuza kwenye mwanga. Upande mmoja ulikuwa umelika hadi unameta.

"Hii ilikuwa inalia," akasema. "Ilikuwa inalia sana."

Akamwinamia mkunga kama mtoto anayeomba radhi kwa mama yake. Mkunga, kwa mkono mmoja, alimpapasa bega, akaanza kulia yeye. Mumewe hakujua aangalie wapi.

Walipoondoka alikusanya spana, akazipeleka kwa kijana fundi wa barabara ya pili. Kamba akaifungua kwenye boriti. Nilimfuata jikoni, nikamshika uso, nikamwambia mdomo wazi, ayaone maneno: nitasikiliza mimi, wewe utatengeneza, kama zamani.

"Nimechoka kukutazama, mke wangu," akasema. "Si wewe. Kutazama."

Sasa anamenya viazi. Anamenya nene mno, kiazi kikubwa kinatoka kama gololi, nami nasifu. Anaketi kaipa barabara mgongo. Baiskeli zinapita kutwa, na mimi kwa ubishi wangu siwezi kuziacha zipite bure: huyu mnyororo mkavu, huyu pedeli imepinda, yule mnene ni tandiko, Mungu alisaidie. Nasema kwa sauti, kila moja. Watu wanadhani bibi amechanganyikiwa, anaongea na mgongo wa mumewe.